Ushuhuda wa Shangazi

Habari ya ufadhili ilinikuta wodini, nimepiga magoti nikikagua kidonda cha mguu wa mgonjwa wa kisukari. Simu ilitetemeka mfukoni. Niliisoma baadaye kwenye korido, kisha nikairudia, kwa sababu mimi si mtu wa kuamini haraka. Chama cha madaktari wa magonjwa ya homoni kilikuwa kimenichagua miongoni mwa sisi tunaosomea ubingwa. Wangenilipia nauli na malazi nikawasilishe kisa changu kwenye mkutano wao, ng'ambo ya bahari. Kisa chenyewe kilikuwa shangazi yangu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, anauza mchele Tunduma, karibu kabisa na mpaka. Wateja wake wengi ni Wazambia, wanamwita "ba mayo", yaani mama, na kumwomba apunguze bei, naye anakataa kwa Kibemba cha kuungaunga huku akicheka. Ana kisukari cha siku nyingi na anajichoma insulini. Mwaka ule alianza kuzimia asubuhi. Alianguka dukani, akaanguka kando ya kisima, akaanguka kanisani katikati ya pambio. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ni presha, wengine wakasema amerogwa na mfanyabiashara mwenzake.

Niliporudi likizo nilimwomba achome mbele yangu. Hapo nikaona. Chupa ya insulini aliinunua upande wetu. Mabomba ya sindano alikuwa ameanza kuyanunua upande wa pili, alipokwenda kupeleka mchele, kwa kuwa aliona sindano zake ni nyembamba na haziumi. Lakini mistari ya mabomba yale ilichorwa kwa ajili ya insulini nyepesi kuliko hiyo aliyokuwa nayo. Akivuta mpaka mstari aliofundishwa, alikuwa anajipa zaidi ya mara mbili ya dozi yake. Sukari ilikuwa inashuka mpaka anaanguka.

Nilimletea mabomba yanayolingana na chupa, na kuzimia kukaisha. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Profesa wangu alisisimka kuliko mimi. "Watu wa mpakani tu ndio wanaweza kukosea hivi," alisema. "Andika." Nikaandika, na shangazi akakubali. Sentensi yangu ya mwisho ilisema kwamba mgonjwa anaendelea vizuri.

Nyumbani kwetu, hukohuko Tunduma, mtu hasafiri mbali kimyakimya. Mama alipopata habari alitangaza ibada ya shukrani kabla sijasema lolote. Turubai likafungwa uani, wanawake wa umoja wa kanisa wakapika, na mchungaji akaja na kipaza sauti ambacho hakikuhitajika. Niliketi mbele, nimekaza uso. Nilikuwa nawaza kwamba ninashukuriwa kwa kitu ambacho sijakifanya bado, na kwamba aliyekuwa anaanguka ni mwingine.

Mchungaji naye aliwaza hivyohivyo, kwa njia yake. Akamwita shangazi asimame atoe ushuhuda.

Aliyekulia kanisani kwetu anajua ushuhuda ulivyo. Una mwanzo wake: nilikuwa katika hali mbaya. Una kati yake: watu walinikatia tamaa. Na una mwisho mmoja tu. Hakuna anayesimama na kusema, nilikuwa mgonjwa sana, sasa ni mgonjwa kidogo. Shangazi alianza vizuri. Alieleza kuzimia, akaeleza bomba, akaninyooshea kidole watu wakapiga vigelegele. Kisha akafika mahali ambapo hadithi ilimtaka afike, nami nikamwona akisita, kitambaa mkononi, macho yote kwake.

"Na leo," akasema, "nimepona!"

"Ameni!"

"Umepona nini, mama?" mchungaji akauliza, akimpelekea kipaza sauti mdomoni.

"Sukari!"

Uwanja ukalipuka. Nilimfuata mchungaji alipokuwa akinawa mikono baada ya chakula. Nikamuuliza, kwa adabu niliyoweza kuikusanya, kupona kisukari kunajulikanaje bila kupima.

"Wewe daktari wetu," alisema akicheka, "unataka kumpima Mungu kwa mashine?"

"Nataka kumpima shangazi, mchungaji. Mungu namwacha."

Akanipigapiga begani kama mtu anavyompigapiga mtoto mkorofi anayempenda. Kwa shangazi nilisema jambo fupi tu, kwamba asiache sindano. Alinijibu, "Mama, mimi mjinga?" Nikapanda basi kurudi hospitalini.

Viza ilikuwa imetoka na slaidi zilikuwa tayari binti wa shangazi aliponipigia. Alisema, "Dada, mama anakunywa maji kama rejeta ya lori iliyotoboka. Na nguo zinamvuka." Niliuliza kuhusu sindano. Akasema hajamwona akichoma tangu ile ibada.

Nilifika Tunduma mchana, malori yamepanga foleni mpaka nje ya mji. Shangazi alikuwa amekaa nyuma ya magunia, mashavu yameingia ndani. Alinukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na harufu hiyo kwetu madaktari ni king'ora.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mama. Mbona umekuja na begi dogo? Ndege si ya wiki hii?"

Nikatoa mashine nikamtoboa kidole. Haikutoa namba. Iliandika HI, maana yake sukari imepanda kuliko inavyoweza kuhesabu. Shangazi akachungulia. Kiingereza cha biashara anakijua.

"Ona, hata mashine imenisalimia. Wewe tu ndiye umenuna."

Sikucheka. Nilikwenda kwenye friji anayouzia soda, mahali alipokuwa anaweka insulini. Haikuwemo. Binti yake akaitoa chini ya kitanda, ndani ya kopo la biskuti, imeshaharibika kwa joto.

"Kwa nini, shangazi?"

"Wenzangu wa umoja wanakuja hapa. Friji wanafungua wenyewe. Nimesimama mbele za watu na mchungaji, nimesema nimepona. Mtu achukue Fanta akute na sindano? Nitakuwa nimesema uongo ibadani." Alipumua kwa shida. "Na mwanzoni mwili ulikuwa kimya. Nikasema, labda kweli."

"Na ulipoanza kukonda?"

"Nikasema, labda ni imani yangu ndogo."

Hilo lilinichoma kuliko yote. Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, mengine makali. Lakini tayari alikuwa anapumua kwa kina na kwa haraka, na hapakuwa na muda wa kubishana. Tulimpakia kwenye bajaji, mimi upande mmoja, binti yake upande mwingine. Alitaka tupite barabara ya nyuma, isiyopita mbele ya kanisa. Dereva alisema kule kuna mashimo. Shangazi akasema ayapite.

Alilazwa, akawekewa maji na insulini ya mshipani. Niliketi pembeni yake nikiangalia dripu na kufikiria slaidi yangu ya mwisho. Mgonjwa anaendelea vizuri. Nilijiuliza nani alinidai sentensi ile. Hakuna aliyenishika mkono. Ila visa vyote nilivyosoma viliishia hivyo, na kamati iliyonichagua ilisifu, kwa maneno yake yenyewe, matokeo mazuri. Nami, kwa maandishi yangu, nilisimama mbele ya watu wangu, nikafika mahali ambapo hadithi ilinitaka nifike.

Alipopata nguvu ya kukaa nilimwambia sitasafiri.

"Utasafiri," akasema. "Mama yako amefunga turubai bure?"

"Nitasema nini kule? Kwamba umepona?"

Akaangalia dirishani. "Kule sema kama ilivyo. Sindano, bomba, nimeacha, nimelazwa. Hawanijui. Hapa ndipo ufunge mdomo."

"Na hapa utachomaje?"

"Nitajua mwenyewe."

Nilimbembeleza tumwendee mchungaji pamoja, tumweleze taratibu, aseme neno madhabahuni kwamba kutumia dawa si kukosa imani. Alikataa mpaka machozi yakamtoka. Yeye ni mwenyekiti wa umoja, alisema, ndiye anayewatembelea wagonjwa na kuwaambia waamini. Nikaacha. Sijui mpaka leo kama niliacha kwa heshima au kwa kuchoka.

Nilibadilisha slaidi. Profesa hakupenda. "Kisa chako ni cha bomba," alisema kwenye simu. "Usituletee kanisa." Nilimjibu kwamba tatizo la bomba nililimaliza kwa pakiti moja ya mabomba mapya, na bado shangazi alikaribia kufa. Akasema nifanye nitakavyo, jina ni langu.

Ukumbi wa mkutano ulikuwa na baridi, na zulia lilimeza nyayo. Nilisema yote kama shangazi alivyoruhusu. Mzee mmoja aliuliza kwa nini mgonjwa aliyeelewa tatizo lake vizuri vile aliacha dawa. Nikajibu kwamba alikuwa ametangaza hadharani kuwa amepona. Kicheko kidogo kikapita ukumbini, cha watu wasio na nia mbaya. Nilitamani kuwauliza ni wangapi kati yao walioripoti mgonjwa ambaye hakuendelea vizuri. Muda wangu ulikuwa umekwisha. Wakanipa cheti chenye mhuri wa dhahabu na tukapiga picha.

Kutoka chumbani kwangu hotelini nilimpigia shangazi. Nilisikia honi za malori nyuma yake, na mwanamke akiulizia mchele wa Kamsamba.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wamepiga makofi."

"Hata hapa walipiga," akasema.

Nikamuuliza kama amechoma leo. Nilimsikia akimwambia mteja asubiri kidogo, kisha miguu yake ikiburura ndala kwenda chumba cha ndani. Nikauliza tena.

"Ngoja basi," akanong'ona. "Nifunge mlango kwanza."