Kilele cha Hekalu la Watu

Nimewahi kuona watu wazima wakilipa kiingilio ili waoneshwe jiko. Jiko kabisa, la udongo, lenye masizi yake, limezungushiwa kamba usije ukaligusa. Na mimi nilikuwa miongoni mwao, nimevaa koti la kuazima, nimetoa macho kana kwamba kwetu tunapikia hewani. Hiyo ilikuwa siku yetu ya pili Taiwan, kule kaskazini, nje kidogo ya Taipei, katika jumba la kale la ukoo mmoja wa matajiri. Bosi wangu alisimama mbele ya lile jiko, kavuta tumbo ndani, anasubiri kupigwa picha.

Bosi huyo ni mtu wa Bariadi, mtoto wa mkulima wa pamba kama sisi wote. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa watu binafsi, alikuwa wa kwanza kuzunguka vijijini na mizani yake mwenyewe, na ile mizani ilikuwa na dini yake. Mimi nilikuwa fundi kwenye kinu cha ushirika. Ushirika ulipoanza kukata roho tukapunguzwa, tukapewa barua na mkono wa kwaheri, ndipo yeye akaniokota. Alitaka kujenga kinu cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Alikuwa amepata mashine zilizokwisha kutumika huko Taiwan, na akasema nitakwenda naye nizikague, nikirudi nitakuwa msimamizi. Nani angekataa? Nilivimba kichwa mwezi mzima.

Sasa, kiwanja alichokuwa akikitaka kwa kinu hicho kilikuwa kijijini kwetu Nkoma, kando ya barabara, na juu yake ilisimama nyumba ya ngoma ya ukoo wetu.

Ilikuwa nyumba ya msonge, ya nyasi, nyeusi kwa moshi. Ndani yake mlikuwa na ngoma tatu za enzi za watemi. Watemi wenyewe walikwisha kuondolewa madarakani kabla sijaanza shule, lakini ukoo wetu ndio uliokuwa ukizitunza ngoma, na hakuna aliyekuja kutuambia tuache. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa akifagia mle ndani kila asubuhi. Ngoma zikiwamo, hapauziki mahali pale, hata mwenyekiti wa kijiji hakuthubutu kupagusa. Ila kulikuwa na sharti moja. Nyasi huezekwa upya kabla ya mvua, ukoo mzima hushirikiana, lakini fungu la mwisho, lile la kufunga kilele, hufungwa na mjukuu mkubwa wa kiume. Si mtoto, si mkwe, si jirani mwenye ngazi. Mvua ya kwanza ikiingia kwa kupitia kileleni, nyumba hiyo imeachwa. Ngoma hutolewa, na mahali hapo panabaki pori tu, anayetaka aombe.

Mjukuu mkubwa wa kiume ni mimi. Na bosi, Msukuma wa kuzaliwa, alilijua sharti hilo kama anavyojua bei ya pamba.

Nilipokwenda kuaga, nyasi zilikuwa zimekwisha kukatwa. Bibi akaniambia niende tu, wao wataezeka pande zote, kileleni wataniachia. "Wahi mvua," akasema. "Ni kazi ya nusu saa." Nikamwambia bibi, siku kumi na mbili nitakuwa nimerudi, una wasiwasi gani?

Mashine nilizikagua asubuhi moja. Zilikuwa nzima, zimechakaa kiasi cha kawaida, mikanda tu ndiyo ilihitaji kubadilishwa. Baada ya hapo hatukuwa na kazi yoyote ya maana. Mwenyeji wetu, mwenye kuuza mashine, alikuwa mtu mpole mwenye Kiingereza kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Akajipa jukumu la kututembeza kwenye mambo ya kale ya nchi yake. Na bosi, ambaye nyumbani hajawahi kusimamisha gari atazame hata kaburi la babu yake, akageuka mpenda historia.

Tukapelekwa Tamsui, kwenye ngome nyekundu iliyo juu ya mto, walikopita wageni wa kila aina, kila mmoja akiacha bendera na mzinga wake. Bosi akaupapasa mzinga kama anayenunua dume la ng'ombe. Akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Unaona fundi, wenzetu wanatunza." Wenzetu! Mtu yuleyule aliyenunua ofisi ya zamani ya ushirika, akang'oa milango ya mninga akaiuza, akaweka ya bati.

Halafu hekaluni. Kuna vipande viwili vya mbao vyekundu, vimekatwa kama mwezi mchanga. Unauliza swali lako, unavirusha chini. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, umekubaliwa. Vyote vikilala kifudifudi, umekataliwa. Bosi akapiga magoti, yeye, mzee wa kanisa, anayewaita wanaokwenda kupasuliwa kuku kwa mfumu, mpiga ramli, kuwa ni washenzi wasiooga. Akauliza habari za kinu chake. Akarusha. Akakataliwa. Akarusha tena, akakataliwa tena. Loh, jasho lilimtoka! Akaendelea kurusha mpaka mbao zenyewe zikachoka zikamkubalia, akainuka anajipangusa magoti, anatabasamu. Nikamuuliza kama huu si uganga. Akanitazama kwa huruma. "Huu ni utamaduni," akasema.

Nilimcheka moyoni siku nzima. Nilikuwa hodari sana wa kucheka watu siku zile.

Siku ya nane tukapanda Jiufen, mji wa wachimba dhahabu ulioning'inia mlimani, ngazi juu ya ngazi, dhahabu ilikwisha kitambo na sasa wanauza chai na maandazi ya viazi. Mvua ilikuwa ikinyesha, ile nyepesi isiyokatika. Tuliketi kwenye nyumba ya chai, bosi akaenda kupiga simu dukani kwake Bariadi kama alivyofanya kila siku. Akarudi, akaketi, akamimina chai.

"Nyumbani mawingu yameanza," akasema. "Hapo jirani, Lalago, imenyesha jana." Akapuliza chai yake. "Ndege yetu ni keshokutwa. Lakini mwenyeji anasema tunaweza kusogeza mbele siku nne, bado kuna mengi ya kuona. Sema wewe, fundi. Twende au tubaki?"

Nimemsimulia mtu huyu kwa kejeli tangu mwanzo, na anastahili. Kwa miaka mingi niliwaambia ndugu zangu kwamba alinitega, kwamba alinipeleka ng'ambo kusudi, akanizungusha kwenye mahekalu kama ndama mpaka mvua ikanyesha. Waliamini. Yaelekea hata yeye mwenyewe alidhani hivyo. Lakini pale mezani aliniuliza kwa Kisukuma, polepole, akinitazama usoni, na ndege ilikuwapo, na nafasi yangu ndani yake ilikuwapo.

Nikasema tubaki.

Na sababu yake ni ya aibu kuliko woga. Siku moja kabla tulikuwa Sanxia, kwenye hekalu lililokuwa likitengenezwa paa. Mafundi walikuwa juu ya majukwaa ya mianzi, wazee kwa vijana, wanapanga vigae na kuchomeka majoka ya rangi, kipande kwa kipande. Mwenyeji alisema mafundi wale ni ukoo mmoja, kazi hiyo wameirithi kwa baba na babu, na kwamba baada ya siku tatu watapandisha kipande cha mwisho cha kileleni, kwa baruti na ngoma. Nilisimama pale mpaka shingo ikauma. Mimi ni fundi. Nilitaka kuona kipande kizito namna ile kitapandishwa vipi bila winchi. Basi. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu bosi aliponiuliza. Nikajiambia Lalago si Nkoma, mvua ya Lalago huwa ya uongo, na bibi atapata mtu. Atapata mtu! Mjukuu mkubwa wa kiume wa pili anatoka wapi?

Nikaona. Walikipandisha kwa kamba na kapi mbili, kitu chepesi tu ukishajua. Baruti zikalia, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mtu mzima, nimesafiri nusu ya dunia, nashangilia kilele cha hekalu la watu.

Nilifika Nkoma siku ya kumi na sita. Sikuhitaji kuuliza. Barabara ilikuwa tope, mifereji imejaa. Pande zote za nyumba zilikuwa zimeezekwa vizuri, nyasi mpya za njano, zimekatwa sawasawa chini, kazi ya heshima kabisa. Juu palikuwa wazi. Fungu la kilele lilikuwa limeegemezwa ukutani, limefungwa tayari kwa kamba ya katani, limelowa. Ngoma hazikuwamo. Baba mdogo alikuwa amezipeleka kwake, akaziweka ghalani na magunia ya pamba.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni kwake anachambua choroko. Tangu nikiwa mtoto aliniita mume wangu, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu zao, na hakukuwa na siku aliyonipokea bila kuuliza kwa nini nimekonda na kama nimemwoa mke mdogo huko nilikotoka. Nikapiga goti nikamwamkia kwa Kisukuma, mwadila. Akaitikia. Akaniletea kigoda. Akaniambia, "Karibu, mgeni." Akarudi kwenye choroko zake. Hakunigombeza siku ile wala baadaye, na tangu hapo mpaka tulipomzika hakunitania tena. Watu wanasema kuna adhabu kubwa kuliko hiyo. Wapi!

Bosi alikiomba kiwanja, akapewa. Alijaza mchanga mahali pale, akamwaga zege, mashine zikaja, nikazifunga kwa mikono yangu. Nikawa msimamizi kama alivyoahidi.

Mwaka wa pili yule mwenyeji wetu wa Taiwan alikuja kutazama mashine moja iliyokuwa ikisumbua. Tulifanya kazi asubuhi yote, tukaitengeneza. Akanawa mikono, akakaa kwenye mfuko wa mbegu, akatazama huku na huku kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema. Akaniambia kuwa mimi na bosi tulimheshimu sana kwa kuyapenda mambo ya kale ya kwao, kwamba hajapata kuona mgeni aliyesimama chini ya paa la Sanxia muda mrefu kama mimi. Sasa alitaka na yeye kutembezwa. Kwa hapa kwetu, akauliza, hakuna nyumba ya kale ya kuangalia? Hata ndogo tu?

Bosi alikuwa mlangoni. Akanitazama, kama alivyonitazama Jiufen.

Nikamwambia mgeni kwamba hakuna. Nikamweleza, kwa Kiingereza changu kibovu na kwa uso mkavu, kwamba sisi ni watu wa kuhamahama na ng'ombe, hatukuwa na desturi ya kujenga kitu cha kudumu. Akainamisha kichwa kwa heshima, akatoa kalamu mfukoni, akaniomba nirudie polepole ili aandike.

Nikarudia.