Kitabu cha watawala nilichookota Durban, na jinsi tulivyomwacha Mustafa

Wakuu, heshima kwenu. Hili sijawahi kumsimulia hata mke wangu. Nitalieleza kama lilivyokuwa, na sehemu yangu sitaifupisha.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Durban, nafanya usafi kwenye flat za Overport. Mpangaji mmoja alihama akaacha boksi la vitabu. Nikachukua kimoja chembamba, tafsiri ya Kiingereza. Mwitaliano fulani alikiandika karne nyingi zilizopita, kumfundisha mtawala namna ya kushika madaraka na kutoyaachia.

Nilikisoma mara tatu. Nikajiona nimeelimika.

Watanzania tulikuwa na chama, tukikutana Isipingo kila Jumapili. Kazi yake kubwa ilikuwa zamu. Mwenzetu akilazwa, kila siku mmoja wetu anakwenda kumwona. Akifariki, tunamwosha na kumzika wenyewe. Kule hatukuwa na ndugu wengine.

Mwenyekiti mpya alikuwa rafiki yangu Shabani, fundi viatu. Mimi katibu. Aliyembishia zaidi ni Mustafa, kijana wa Tanga aliyeuza mikanda pale stendi ya taxi, yaani daladala za kule.

"Mwenyekiti, kiatu changu unacho mwezi wa pili," alisema kikaoni. "Chama utakirudisha lini?"

Watu walicheka mpaka Shabani akafunga kikao.

Nikamsomea kitabu. Kwamba mtawala akilazimika kuchagua, ni salama zaidi aogopwe kuliko apendwe. Kwamba ukali aumalize mapema, kwa mkupuo mmoja.

"Profesa," akasema, "andika basi."

Nikaandika kwa mkono wangu: Mustafa amefukuzwa, na atakayempa huduma ya chama atamfuata. Jumapili nilipoisoma kikaoni, hakuna aliyebisha. Nilidhani ule ukimya ni amani.

Miezi miwili baadaye, Mkongo mmoja aliyepiga deki hospitali alinikuta nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, nangoja kuvuka.

"Kaka, kule wodi iko mutu yenu, Mustafa. Anaulizaka ninyi kila siku."

Nikakimbilia kwa Shabani. Hakuinua macho kwenye kiatu alichokuwa anashona.

"Tukimrudisha leo, kesho nani atatuogopa? Si wewe ulinisomea?"

Hospitali ilikuwa taxi moja tu, wakuu. Ningeweza kwenda peke yangu. Sikwenda. Niliogopa karatasi niliyoiandika mwenyewe.

Baadaye nilijua wenzangu wengi walitaka kwenda. Kila mmoja aliogopa mwenzake atamsema.

Mustafa alifariki. Mwili ukakaa mochwari bila wa kuuchukua. Tulipopata ujasiri wa kwenda, tukaambiwa serikali imeshamzika pamoja na wasio na ndugu. Kaburi halikuwa na jina.

Mama yake alipiga simu kwa mwenye duka aliyetupokelea ujumbe. Mimi ndiye niliyeitwa.

"Mwanangu, nani alimwosha?"

"Sisi, mama. Wote tulikuwepo."

Akalia kidogo, kisha akasema, "Mungu awalipe."

Nilichojifunza ni hiki: kile kitabu hakikunidanganya. Watu walituogopa kweli, na hicho tu ndicho tulichopata. Chama hakikumaliza mwaka.

Anayejua namna ya kutafuta kaburi la mtu aliyezikwa na serikali kule, aniandikie hapa chini. Nimetuma barua, sijajibiwa. Wa kunilaumu pia karibuni, nitasoma zote.