Malkia Aliyeolewa Akiwa Mtoto

Leo, harufu ya mishumaa katika kanisa moja hapa Thika imenirudisha kwenye mafundisho ya Jumamosi ya utotoni mwangu. Mtawa kutoka Poland alituonyesha picha ya malkia wao wa zamani, mtakatifu, aliyeozwa akiwa na miaka kumi na miwili kwa mfalme mtu mzima.

"Alikubali kwa ajili ya watu wake," alisema.

Dada yangu, aliyekuwa na miaka kumi na minne, aliinua mkono. "Sista, na kama angekataa?"

Sista akasema tusali.

Tulipofika nyumbani, mama alikuwa akimmiminia chai mwanamume mwenye mvi aliyekuja kumposa dada. Dada alinishika mkono.

"Usiniache na hawa," alininong'oneza.

Mama aliingia jikoni, akaniita. Nikauachia mkono wa dada, nikaenda.