Masaji ya Moyo ku Kilio ya Nkambo

Hii habari inanionyesha mujinga, nayua. Kwetu ku Katuba bantu bashaielezea mingi, na kila mara ujinga yangu inaongezeka kidogo. Basi afazali niieleze mwenyewe, ibakie ku kipimo yake.

Mi natembeza moto, pikipiki ya taxi. Parokia yetu ilisema kila kituo ya moto itume muntu mumoja akajifunze kusaidia bantu ku ajali. Benzangu balinituma mi, haina juu ya akili: moto yangu ilikuwa imeharibika, nilikuwa nabasumbua na mabishano.

Mu salle ya mafunzo tukamukuta mama infirmière, muuguzi wa macho makali, na chini ku mukeka mwanasesere ya mupira, ya kaucu, mukubwa sawa muntu, lakini bila miguu. Nikasalimia ule mwanasesere:

— Yambo, mama. Na miguu uliachia nani?

Bote bakacheka. Infirmière hakucheka.

— Wewe mwenye kinywa, piga magoti. Haitike, hapumue, moyo yake imesimama. Anza.

Mukono juu ya mukono, katikati ya kifua. Viwiko binyooke. Sukuma na nguvu, mbiyo-mbiyo, acha kifua ipande, sukuma tena, na usiache mupaka musaada ifike. Uhesabie kwa sauti. Mi shule niliishia primaire, kuhesabia njo kintu kimoja nilitoka nakyo kule. Nikasukuma. Nikichekesha bantu, mama anasema: "Tena." Nikilalamika nimechoka: "Tena." Bengine balienda kunywa chai, mi nabakia na ule mama wa kaucu, jasho yangu inamuangukia ku macho.

Nyuma ya siku kidogo, nkambo wangu, baba ya mama, akafa.

Sasa, kwetu ku kilio, batoto ya marehemu banalia, lakini shi bajukulu tunachezesha. Tunavaa manguo yake, tunatembea sawa ye, tunamutukana mupaka mbele ya sanduku. Hakuna mwenye kukasirika. Na batani yake nabo bako na ile ruhusa. Mutani wa nkambo alikuwa Muzee mumoja, balitumika pamoja ku reli. Bale babili balitukanana maisha yote, kwa mapendo.

Asubui ya mazishi balitoa nkambo ku morgue ya hospitali, bakamuweka chini ya tente mu lupango, kiwanja ya nyumba yake. Gari ya maiti ikangoya inje. Muzee akavaa kofia ya reli ya nkambo, akajiangusha pembeni ya sanduku:

— Na mi nimekufa! Sogea kule, unipe nafasi, wewe ulikuwa muntu wa kujitanua mupaka ku kitanda!

Bantu bakacheka. Akaamuka, akakunywa munkoyo, akaanguka tena. Akaamuka. Nyuma akaanguka bila kusema kintu.

Mi nikaona ni zamu yangu. Nikakamata unga ya bukari, nikamupaka ku uso. Nikamukalia ku tumbo, nikaanza hotuba:

— Bandugu, huyu muzee alikuwa muntu muzuri sana, zaidi wakati alikuwa analala!

Lupango yote inapasuka na kicheko. Nikamuingiza jani mu pua. Hapana. Nikaingiza zaidi. Hapana. Muntu akizuia kicheko, tumbo yake inatetemeka. Ile tumbo chini yangu ilikuwa sawa mufuko ya saruji.

Nikashuka. "Muzee! Muzee!" Haitike. Kifua haipande.

— Anakufa! nikapiga kelele.

Bantu bakaitika:

— Anakufaaa!

— Haina muchezo!

— Haina muchezooo!

Nikapiga magoti, nikaanza kusukuma. Moya, mbili, tatu! Mupiga ngoma akafwata hesabu yangu. Bamama bakapiga vigelegele. Shangazi akafika anacheza, akanipanguza uso na kitenge. Nalia machozi ya kweli, bantu banasema:

— Angalia! Na machozi iko nayo! Huyu mutoto leo ameweza!

Kusema kweli, ile ngoma ilinisaidia. Mikono yangu ilikuwa inachoka, ngoma haikuchoka. Kintu kikavunjika mu kifua ya Muzee, ko! Nikasukuma tena.

Njo nkambo mwanamuke, mujane mwenyewe, akainua mukono pale ku mukeka.

— Nyamazeni. Huyu muzee, tangu nimuyue, hajanyamaza wakati murefu hivi.

Ngoma ikakatika. Mi naendelea kuhesabia peke yangu. Nyuma bote bakalia kwa mara moja: gari, gari! Na gari kulikuwa moja tu. Shofere wa gari ya maiti akakataa:

— Mi nabeba bafu. Akipona mu gari yangu, nani ataikodi tena?

— Papa, nkambo mwanamuke akamujibu, leo gari ni ya bwana yangu. Ye atangoya. Washa.

Bakatupakia, Muzee katikati ya maua ya mazishi, mi juu yake nasukuma. Mbele ya kufika barabara ya lami akakohoa, unga ikaruka, akavuta pumuzi. Nikaacha kusukuma, nikamushika mukono, namuambia pumua, Muzee, pumua. Inje bantu banatoa kofia. Mama mumoja muuza nyanya akafanya alama ya musalaba. Muzee akainua mukono ku dirisha sawa anamupungia. Mama aliacha nyanya yote, mbiyo zake sijaziona hata ku mupira.

Muzee akaangalia maua. Akaniangalia mi, mweupe na unga.

— Kumbe bamalaika bako na sura mubaya hivi, akasema pole-pole.

Ku hospitali docteur akasema moyo imerudi, mbavu itapona, abakie pale balinde moyo. Mu mulango shofere alikuwa ananiita: nkambo anangoya mu sanduku, bantu bote banangoya gari. Nikainama kumuaga Muzee. Akanikamata ku shati, anaugua, sauti ndogo sana:

— Mujukulu, wende mbiyo. Kabla bamufunike udongo, umuambie gari yake njo mi niliipanda wa kwanza. Akitaka kubisha, aamuke.