Vitufe Vilivyofuta Sauti ya Mama Yoramu

Ndugu wasomaji, naona aibu kuwaeleza niliyoyafanya wiki iliyopita. Mimi ni fundi wa studio ndogo ya kanisa hapa Kasulu, na tangu tuletewe kompyuta ya kurekodia nimekuwa na maringo ya kijinga. Wenzangu hushika kipanya kufunga vidirisha vya kurekebisha mwangwi na besi vinavyoziba kioo cha kompyuta. Mimi hutumia vitufe tu, tena bila kutazama.

Alikuja Baba Yoramu kutoka Kitahana na binti yake. Mkewe aliongoza nyimbo za kwaya yao, iliyorekodi kwetu kabla hajafariki. Mzee alitaka kaseti ili wajukuu wasisahau sauti ya bibi yao.

"Kaa hapa, baba, uone kazi," nikamwambia.

Nikafungua wimbo wao. Kidirisha cha mwangwi kilikuwa kimeziba kioo. Nikabonyeza vitufe harakaharaka ili kukifunga. Kompyuta ikauliza kitu kwa Kiingereza, nami nikakubali bila kusoma, nikahifadhi, kisha nikaupiga wimbo.

Gitaa likaingia, ngoma zikafuata, kwaya ikaitikia. Penye sauti ya kuongoza palikuwa kimya. Nikatazama kioo. Kidirisha kilikuwa bado wazi, na mstari unaobeba sauti ya Mama Yoramu haupo. Nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kufuta, na kwa kuhifadhi nikawa nimeipoteza sauti hiyo kabisa.

Baba Yoramu alikuwa ameinamia spika, akitabasamu kidogo.

"Bado hajaanza?" akaniuliza.

Kwaya ikaitikia tena. Binti yake akanigeukia.

"Nimemfuta, baba," nikasema.