Siku Kumi na Tisa za Mzee Bado

Karakana nzima ilimwita Mzee Bado, na jina hilo alibandikwa kabla hata uzee wenyewe haujamfikia. Ukimuuliza kama kazi iko tayari, bado. Ukirudi baada ya siku nne, bado. Wageni waliokuja kutazama sanamu za kioo walidhani ni mtu wa mizaha, kumbe hakuna aliyekuwa mkavu kuliko yeye. Kazi yake ilikuwa kupoza kioo, na kupoza kioo, kwa sehemu kubwa, ni kukaa karibu na mlango na kutoufungua. Mkewe, fundi cherehani ambaye ulimi wake haukujua likizo, aliwaambia wateja wake kwamba ameolewa na mwanamume pekee duniani anayelipwa mshahara kwa kutofanya kitu.

Zamani alikuwa mwokaji mikate. Kiwanda cha mikate kilipofungwa, mchongaji mmoja wa kioo akasikia kuna mtu aliyeishi na moto miaka tisa na hana kazi, akamfuata hadi nyumbani kwake. Mchongaji alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viganja vipana kama vya mwashi, aliyemzidi umri kwa miaka isiyofika kumi. Hata hivyo, tangu siku hiyo Mzee Bado alimwita Mama, na hakuna aliyeona ajabu.

Mchongaji huyo hakupuliza kioo wala hakukichonga kwa patasi. Alifinyanga umbo kwa nta, akalifunika kwa plasta, kisha akaiyeyusha nta itoke, ibaki kalibu yenye uwazi ndani. Kalibu iliingizwa kwenye tanuri na mabonge ya kioo juu yake. Moto ukipanda, kioo kikalainika, kikatiririka na kuujaza uwazi ule. Hapo kazi ya Mama iliishia, na ya Mzee Bado ikaanza. Kioo kinene kikipoa haraka, nje hutangulia kupoa na ndani hubaki na joto, pande mbili zikavutana. Mzee Bado aliita hali hiyo kinyongo. Kioo chenye kinyongo chaweza kupasuka papo hapo, au kikakaa mezani miezi sita kimetulia kama mkwe aliyekuja kutembea, halafu siku moja kikapasuka bila kuguswa na mtu. Dawa yake ni kushusha joto kidogo kidogo, nyuzi chache kwa saa, siku baada ya siku, mlango ukiwa umefungwa.

Hilo alijifunza kwa aibu. Kwenye mikate, mtu hufungua mlango akachungulia, na asiyechungulia huunguza. Basi siku yake ya nne pale karakana, mkono ukiwa bado una mazoea ya mikate, alifungua mlango wa tanuri kiasi cha vidole viwili tu, aone mambo yanaendaje. Akasikia tik, kama ukucha unapokatwa. Ilikuwa kazi ya miezi mitano.

Mama hakupiga kelele. Alingoja tanuri lipoe, akatoa vipande viwili, akaviweka kwenye rafu juu ya mahali anapokaa Mzee Bado, na viko hapo mpaka leo. Kisha akamkalisha chini.

"Sikiliza. Kuanzia leo mlango huu ni wako. Sio wangu, wako. Hata nije mimi mwenyewe nikupigie magoti, usifungue kabla ya siku yake."

"Na ukinifukuza je?"

"Nikikufukuza, ondoka na ufunguo."

Miaka ishirini na miwili ikapita hivyo. Chumba cha tanuri kilikuwa nyuma, chenye dirisha moja na sakafu ya saruji iliyochimbika. Kulikuwa na rafu, daftari lililofungwa kwa uzi kwenye msumari, na stuli ya mbao yenye mguu mmoja mfupi, ambao Mzee Bado aliuvisha kipande cha raba na kukikaza kwa waya ili usiyumbe. Kila saa aliandika joto kwenye daftari. Hata baada ya kuletwa kisanduku cha umeme chenye tarakimu nyekundu, kinachojiandikia chenyewe, aliendelea kuandika. Alisema kisanduku hakina roho ya kuona haya kikikosea.

Yeye na Mama walikuwa na mchezo wao. Mama akipita, huweka kiganja kwenye mlango wa tanuri na kuuliza, "Ngapi?" Mzee Bado hujibu bila kutazama tarakimu. Mama naye hutaja yake. Kisha huangalia nani kakaribia, na aliyeshindwa huchemsha chai. Mama ndiye aliyeshinda mara nyingi, na hakuwa mtu wa kushinda kimya kimya.

Mama mzazi wa Mzee Bado alipofariki, tanuri lilikuwa na kazi ndani. Alikuja asubuhi kama kawaida, akaketi, akafungua daftari. Mchongaji akamkuta hapo. "Nenda ukamzike mama yako," alimwambia, akamnyanyua kwenye stuli kwa kumshika kwapa. Siku nne zile mchongaji mwenyewe ndiye aliyekaa pale, akaandika joto kila saa kwa mwandiko wake mbaya, mwandiko ambao hata duka la dawa lingeukataa. Mzee Bado hakuwahi kumwambia asante kwa maneno. Ila kurasa hizo za daftari alizikunja kona, na kila mwaka daftari likibadilishwa, hilo alilibakiza.

Basi mwaka huu, Mama alipoanza kukonda na kushika ukuta akitembea, wote waliona na hakuna aliyesema. Alijifungia kwenye chumba cha nta wiki nyingi. Katikati ya wiki hizo stuli ya Mzee Bado ilitoweka siku nne. Mama alisema ameipeleka kwa seremala. Iliporudi mguu ulikuwa mfupi vilevile, raba ni ileile, na kwenye maungio kulikuwa na unga mweupe. "Seremala gani huyu," alinung'unika, akaifuta kwa kitambaa, akaketi. Hakuuliza zaidi. Hakuwa na desturi ya kuuliza kilichomo ndani ya plasta pia. Yeye alipokea kalibu iliyofungwa, na sanamu aliiona siku ya kufungua, kama watu wengine.

Siku kalibu ilipoingia tanurini, Mama alikuwa amekaa kwenye kiti akielekeza kwa kidole. Kazi ilikuwa nene, yenye sehemu nyembamba pia, ile aina inayopenda kupasuka. Walipiga hesabu pamoja: siku kumi na tisa. Kesho yake Mama hakuja. Alikuwa amelazwa, na alipotoka alirudishwa nyumbani, si kwa sababu amepona.

Siku ya tisa alikuja binti yake, daktari wa meno, ambaye Mzee Bado alimjua tangu akivaa sare za shule. Alikuwa akimwita mjomba.

"Mjomba, mama anataka kuiona kazi yake. Hana siku nyingi. Naomba ufungue."

"Bado siku kumi."

"Hizo siku kumi hana. Nimekwambia."

Mzee Bado alimweleza habari ya kinyongo tangu mwanzo hadi mwisho. Binti alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Ni kioo tu," akasema.

"Ndiyo. Ni kioo tu."

"Unakijali kuliko mama yangu." Akaondoka, na mlangoni akamwita mzee, kama anavyoitwa mtu baki.

Neno hilo lilimkaa rohoni Mzee Bado. Nyumbani alimsimulia mkewe, akitegemea kupigwa dongo kama kawaida. Mkewe hakupiga dongo. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Mimi sijui kioo. Lakini yule mama ndiye aliyekushikia kazi ulipokwenda kumzika mama yako." Likawa jambo zito zaidi.

Siku ya kumi na mbili gari likasimama nje, na Mama mwenyewe akashushwa. Binti alimshika upande mmoja, ukuta ukamshika upande wa pili. Alikuwa mwepesi, ila viganja vilikuwa vilevile. Walimkalisha kwenye stuli. Alipumua kwanza.

"Fungua," akasema.

"Bado, Mama."

"Najua ni bado. Nimesema fungua."

"Ulisema hata ukija mwenyewe..."

"Nilisema nikiwa mzima! Nilikuwa na siku za kuchezea. Leo sina. Unataka nipige magoti? Nikipiga sitaweza kuinuka, itabidi mninyanyue nyote wawili."

Mzee Bado alitazama sakafu. Alivaa glavu. Alikwenda mlangoni, akashika komeo, na komeo likasogea kidogo. Humo ndani kulikuwa na zaidi ya nyuzi mia mbili na arobaini. Plasta ingepaswa kuvunjwa kwa nyundo ikiwa na joto hilo, la sivyo mtu angeona bonge jeupe tu. Alijua kitakachofuata. Aliwahi kukisikia.

"Nikifungua itapasuka," akasema akiwa amewapa mgongo. "Utakuwa umekuja kuiona ikipasuka."

"Huenda isipasuke."

"Huenda."

Wote wawili walijua thamani ya neno hilo. Binti alikuwa akimtazama huyu, kisha yule. Mzee Bado alirudisha komeo mahali pake, akavua glavu, moja, halafu ya pili.

"Siwezi, Mama. Nifukuze. Siwezi."

Kisha Mama aliinuka kwa shida, akasogea mpaka kwenye tanuri, akaweka kiganja mlangoni. Alikaa hivyo kitambo.

"Ngapi?"

"Mia mbili arobaini na mbili," akajibu Mzee Bado.

"Arobaini na tano."

Tarakimu nyekundu zilisema mia mbili arobaini na nne.

"Chai ni yako," Mama akasema. Halafu akamgeukia binti yake. "Twende. Huu ubishi nimemfundisha mimi." Kama alikuwa amekasirika au anacheka, Mzee Bado hakuweza kujua, kwa sababu uso alikuwa ameshaugeuza. Mama hakunywa chai. Gari liliondoka birika likiwa bado halijachemka.

Alifariki siku ya kumi na tano.

Mazishi yalikuwa kesho yake, na tanuri lilikuwa limebakiza nyuzi tisini na tano. Mzee Bado aliamka, akavaa nguo za kazi. Mkewe akamtazama, akamvua koti kama anayemvua mtoto, akamvika la heshima. "Nionyeshe namba zinaandikwa wapi," akasema. Mwanamke aliyelicheka tanuri lile miaka ishirini na miwili akaenda kuketi kwenye stuli ya mguu mfupi na cherehani yake ya mkono mapajani, akaandika joto kila saa, na mara moja akaongeza pembeni kwamba chumba hiki kina mbu.

Makaburini binti hakumsalimu. Mzee Bado alirusha udongo wake, akasimama nyuma, akarudi kazini.

Siku ya kumi na tisa binti alikuja peke yake, amekunja mikono vilevile. Tarakimu zilisema thelathini na nane. Mzee Bado alifuta mikono, akafungua mlango wote, akatoa kalibu, akaiweka juu ya magunia sakafuni. Alianza kuvunja plasta kwa nyundo ndogo, kipande kwa kipande. Ukatokea mguu wa kioo cha kijani hafifu. Ukatokea wa pili. Wa tatu ulikuwa mfupi kuliko wenzake, umevikwa kitu kama kipande cha raba, na mikunjo ya waya ilionekana mmoja mmoja, pamoja na ile ncha aliyoshindwa kuikunja ikawa inamchana suruali kila mwaka.

Aliacha kugonga. Aligeuka akatazama stuli yake ya mbao kando ya ukuta, halafu akaitazama hii.

Aliendelea polepole mpaka ikatoka yote, akaisimamisha. Haikuyumba. Alichukua karatasi mbili nyeusi za plastiki, za kupimia kinyongo, akamshikisha binti moja nyuma, naye akachungulia kupitia ya pili, kwa maana kikiwepo huonekana kama mistari ya mwanga. Alikagua mguu hadi mguu. Hapakuwa na mstari wowote.

"Ni nzima," akasema.

Binti alishusha ile karatasi. Machozi yalikuwa yamemlenga.

"Mjomba. Hakutaka kuiona yeye. Yeye aliitengeneza, anaijua kila mkunjo. Alitaka awepo wewe ukiiona. Aliniambia kwenye gari, siku ile. Nikamwambia basi turudi, tumwambie mjomba. Akakataa. Akasema nikikwambia, utafungua."

Ni kweli, angefungua. Mzee Bado alilia kama wanavyolia watu wakavu, bila sauti na kwa hasira kidogo, akiwa ameshika nyundo.

Baadaye aliiweka nyundo chini, akaweka kiganja kwenye kikalio cha stuli ya kioo. Kilikuwa na joto kidogo, kama mahali alipoinuka mtu sasa hivi. Binti alimwambia akitaka akae, ni yake, mama yake alisema hivyo.

"Bado," akasema.

Akasimama pale, mkono juu ya kioo, mpaka kikapoa kabisa.