Nyuzi Thelathini na Nane Nukta Sita

Kwa miaka ishirini na sita alisimamia boila la hospitali, mtambo wa kuchemsha maji kuwa mvuke, na watu wote, kuanzia wafagizi hadi mganga mkuu, walimwita Mvuke. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jengo la kufulia, ngazi saba kwenda chini, na geji tatu za kupimia presha ukutani. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza hali, alikutajia kwanza presha ya boila, kisha ndipo hali yake.

Dada yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule, alikuwa kinyume chake kabisa: ulimi hauna breki. Alipoambiwa ana saratani ya titi, alimjibu daktari, "Basi ipange foleni, nina sare arobaini za kumaliza." Wauguzi wakacheka. Alipofika nyumbani alilia mpaka macho yakavimba, na Mvuke akakaa pembeni yake bila kujua mikono aiweke wapi.

Dripu mbili za kwanza za dawa ya saratani alizimudu. Ya tatu ilimlegeza. Vidole vya miguu vikafa ganzi, na baridi ikamwingia mifupani hata jua likiwa la utosi. Ndipo mteja wake mmoja akamletea habari za mtu anayewafunika wagonjwa kwa mvuke mpaka jasho liwatiririke. Eti joto linawaamsha askari wa mwili, na saratani inakimbia yenyewe.

"Dripu naiacha," akamwambia mdogo wake. "Nimechoka kutapika. Naenda kwenye joto."

Mvuke hakubishana. Kesho yake alivua kofia, akapanda hadi wodini kumwuliza daktari.

"Si uzushi mtupu, fundi," daktari alisema. "Zipo hospitali zenye mashine za kupasha uvimbe joto, na watafiti wanachunguza kama joto hilo linasaidia kuamsha kinga ya mwili. Lakini linakwenda sambamba na dawa, haliji badala yake. Na mashine hiyo hapa hatuna."

"Na maji ya uvuguvugu ya kuloweka miguu?"

"Yatamtuliza tu, hayatamponya. Upime kwanza, maana kwa ganzi ile ataungua asijue. Na homa ikigonga thelathini na nane, usisubiri hata kidogo. Kinga yake iko chini sana."

Jioni akamwambia dada yake, "Tukubaliane. Wewe nenda kwenye dripu, joto niachie mimi."

"Wewe? Wewe si umezoea kuchemsha mashuka!" Lakini alikubali.

Basi kila akitoka kazini Mvuke alipitia kwa dada, akajaza beseni, akachovya kipimajoto. Nyuzi thelathini na saba, hazizidi. Dada akaloweka miguu huku akitia vifungo kwenye mashati, akisengenya mtaa mzima. Dripu ya nne ikapita.

Jumapili moja alasiri, siku kumi baada ya dripu hiyo, Mvuke alitoka uani kuanika taulo, akarudi akamkuta mashavu yamewiva na macho yanang'aa.

"Umeona?" dada akasema. "Leo joto limeingia sawasawa. Askari wameamka!"

Mvuke akamshika mkono, ukawa wa moto. Maji yalikwisha kumwagwa saa nzima iliyopita. Mtu anayeishi na boila anajua kwamba kitu kinachozidi kupata moto baada ya kuondolewa motoni, kina moto mwingine ndani. Akamweka kipimajoto cha kwapani. Thelathini na nane nukta sita.

"Vaa viatu, dada."

"Viatu vya nini? Mtu ndiyo kwanza napona!"

"Joto langu limekwisha zamani. Hili si langu."

Teksi iliwafikisha hospitali kabla jua halijazama. Damu ilipopimwa, chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka mno, na maambukizi yalishaanza. Akalazwa, akatundikiwa dawa za kuua vijidudu saa ile ile. "Mngengoja mpaka kesho," daktari alimwambia Mvuke kwenye korido, "tungekuwa tunaongea mengine."

Siku ya tatu homa ilishuka. Dada alilala ameangalia dari.

"Mdogo wangu, mimi nilidhani nimepona kweli. Nimejiona mjinga."

"Hata mimi nilitaka iwe kweli," Mvuke akajibu.

Dada alimaliza dripu zote sita, kisha akafanyiwa upasuaji. Daktari hakumwahidi kitu. Alimwambia uvimbe ulikuwa umesinyaa vizuri, arudi kila baada ya miezi mitatu. Ganzi ikabaki kwenye vidole viwili.

Beseni hakuliacha, ingawa hakuliita tena dawa. Alisema ndiyo saa pekee mdogo wake anayokaa chini bila kuangalia geji. Na kweli, jioni moja Mvuke alianza kumsimulia habari za fundi mkuu wa zamani aliyesinzia juu ya bomba akaunguza suruali yake ya harusi, akasimulia kirefu, kwa ishara na sauti zote, mpaka maji yakapoa na dada akabaki ameshika mbavu.